Vipande Viwili Visivyoachana

Papa wangu,

Nimelifungua sanduku lako. Mama alilitoa chumbani mwenyewe, akaliweka mkekani mbele yangu, akarudi jikoni. Vipande vyako vya chuma vya kupimia vimepangwa kama siku zote, kila kimoja na karatasi yake ya mafuta. Isipokuwa vile viwili vilivyogandana. Nimejaribu tena kuvitenganisha, nimeshindwa.

Unakumbuka zile Ijumaa za vita? Gari moshi halitembei, chumvi inakuja kwa ndege tu. Ulilileta sanduku nyumbani lisije likaibiwa kule karakana ya reli ulikokuwa fundi, na kila ukitoka msikitini ulitandika kitenge cha zamani cha Mama, ukavifuta vyuma vyako kimoja kimoja. Siku moja ulivisugua viwili uso kwa uso mpaka vikashikana bila gundi. Ukanyanyua kimoja, kingine kikafuata. Nilicheka sana. Ukauliza, nusu kwangu, nusu kwako mwenyewe: "Kati yao hata hewa haiko. Sasa nini njo inavishika?"

Kisha ukatoa amri yako: chuma kisilale na chuma. Vikikaa pamoja siku nyingi, havitaachana tena.

Asubuhi risasi zilipoanza kulia, wewe ulikuwa ng'ambo ya mto kutafuta mihogo. Mama alikuwa anafunga mizigo, akanituma nifukie sanduku nyuma ya jiko. Nilikuwa nimetoka kuvichezea vile viwili, vimeshikana mkononi mwangu. Nikavitupa ndani hivyo hivyo, nikafukia, tukakimbilia msituni.

Tuliporudi, miezi ilikuwa imepita. Ulifukua, ukafuta udongo, ukakuta viwili vimegandana, ukaniuliza kama nilivitenganisha vyote. Nikasema ndiyo, Papa. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilijua uongo ni nini.

Hukunigombeza. Uliugeuza mkono wako, ukauangalia. "Basi njo mimi nilifuta mubaya," ukasema, ukiamini kidole chako ndicho kilichoacha uchafu uliovigandisha.

Gari moshi lilipoanza tena watu wa reli wakakuita, ukakataa kushika kipimo. Ukaomba kulinda lango la karakana. Wewe, uliyeweza kuhisi unywele chini ya kidole! Mama anasema mpaka mwisho ulikuwa ukisema mkono wako umeharibika. Kila likizo nilikukuta pale langoni, nikakusalimu, nikanyamaza. Niliona haya, na kadiri nilivyosoma, haya iliongezeka.

Maana swali lako ndilo limekuwa kazi yangu, Papa. Mbali huko tunatengeneza mashine ndogo kuliko chembe ya vumbi, zenye vibamba vinavyocheza. Vikikaribiana mno vinanasana na mashine inakufa, hata tukitoa hewa yote. Kumbe utupu si mtupu. Umejaa mtetemo mdogo usiokoma. Katikati ya vibamba unabanwa, nje unabaki na nafasi, basi vinasukumwa pamoja. Mimi ninachora mifereji juu ya nyuso zao, myembamba ajabu, kisha ninapima nguvu ile imebadilika kiasi gani. Mifereji ya umbo hili inaipunguza, ya umbo lile inavisukuma pembeni. Ninalipwa kwa kutii amri yako, chuma kisilale na chuma.

Kwa vyuma vyako sababu ni nyingi, sitaki kukudanganya tena: mafuta yaliyobaki, unyevu wa udongo wetu, na chuma chenyewe kuvutana na chuma. Lakini zote zilihitaji kitu kimoja, mtu avifukie vikiwa vimegusana. Ningeweza kukueleza haya yote pale langoni, kwa kikombe kimoja cha chai. Ungefurahi, ungeuliza maswali mpaka chai ipoe. Nilingoja niwe na ujasiri, na simu ya msiba wako ikanitangulia.

Leo nilimwambia Mama. Aliacha kuchambua majani ya sombe, akasema: "Miaka hii yote alikuwa anaficha ule mukono mufukoni."

Sitavipeleka maabara vikakatwe. Vitabaki hapa Kindu, ndani ya karatasi moja. Nami nimekuja kukuambia nilichopaswa kukuambia siku ile ulipofukua: mkono wako haukukosea, Papa. Uliokosea ni wangu.

Binti yako,
uliyemwamini kwa sanduku