Fomu ya Macho ya Shosho

Jumanne

Mtaa mzima wa Jericho hakuna wakili wa kunifikia, na shule niliachia kidato cha pili.

Leo hospitalini jina la Shosho, nyanya yangu, halikuwa kwenye orodha ya upasuaji wa macho. Karani akatupa fomu nyingine tujaze upya. Nikamwambia, "Madam, Katiba inasema Kiswahili na Kizungu ni sawa. Mbona fomu zenu ni Kizungu tupu?" Foleni ikanipigia makofi.

Karani akavuta droo. "Za Kiswahili ziko, kijana. Ni vile hamuulizi."

Shosho akacheka. "Mdomo wa huyu ungekuwa jembe, tungelima mtaa wa Mbotela wote."

Lakini moyo hautulii. Hii ya Kiswahili nimeielewa kila mstari. Ile ya Kizungu, mwezi jana, nilimjazia mimi nikijifanya naijua, kumbe nilitia alama pale pa kukataa upasuaji.

Shosho anadhani walimsahau. Sijamwambia.