Kaburi Langu Kando ya Mama

Mpendwa Baba,

Juzi kaka Shikuku alilimisha shamba la miwa. Trekta ilipokaribia kaburi lako na la Mama, akaisimamisha, akaacha kipande kitupu upande wa Mama. Mkewe akauliza mbona anaharibu ardhi. Akamjibu bila kugeuka, "Hapo ni pa dada. Baba alisema." Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mzima wa afya! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Unajua kwa nini. Kwetu, binti aliyefia kwao bila kuolewa alizikwa pembeni kabisa, kwenye ua, na mwili wake haukupitishwa langoni, bali ua ulitobolewa upitie hapo. Nilikua nikilijua hilo kama jina langu. Hata nilipotimiza miaka arobaini, nikifundisha ushonaji kule Sigalagala, lilinikosesha raha. Kuishi bila mume sikuogopa, Baba. Niliogopa kufa bila mume.

Siku tuliyomzika Mama, wakwe waliitwa, kila dada akasimama na mumewe. Zamu yangu ilipofika, shangazi akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Na huyu je? Watu huulizanga atazikwa wapi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ukainuka na bakora yako, ukanishika mkono, ukaniongoza mpaka kando ya kaburi lililokuwa bado wazi.

"Huyu atalala hapa, karibu na mama yake. Na mtampitisha kwa gate. Nani ako na neno?"

Wazee wakatazamana. Shangazi akashikwa na kikohozi cha ghafla.

Sikukushukuru. Nilikununia wiki nzima kwa kunionyesha kaburi langu mbele ya watu, nawe ukatutoka kabla sijapata ujasiri wa kuligusia jambo lile. Hilo linaniuma hadi leo.

Basi asante, Baba. Asante sana. Zamani nilikuja nyumbani kama mgeni, pakiti ya sukari mkononi, nikiuliza kama kuna pa kulala. Siku hizi naingia, navua viatu, naenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Wake za kaka zangu wananigombeza kwa kumaliza ingokho, kuku wetu wa kienyeji, nami nawajibu. Hakuna anayeniuliza nitaondoka lini.

Msalimie Mama. Mwambie asiniharakishe, bado nipo nipo kwanza.

Binti yako wa hapa hapa nyumbani