Frigo ya mu chumba yangu

Siku ya tano bila umeme, magaribi.

Mukwe wangu, bwana ya binti yangu, hana akili hata kidogo. Wakati niliweka plake ya jua ya kuleta umeme juu ya nyumba hapa Kasungami, alicheka: «Mama, ile ni kitu ya bantu ba mu pori!» Sasa bantu ba vita bamekata fil moja tu, waya kubwa ya umeme, muji yote haina courant.

Leo natoka mu shamba, namukuta anasimama pa mulango na dawa ya sukari ya muke wake, ile inaharibika na joto. Barafu alikuwa anaiwekea imekuwa maji.

«Mama, frigo yako ya plake iko mu chumba yako ya kulala. Kwa mukwe, kuingia mule iko kijila, ni mwiko.»

«Ingia, mujinga! Kijila itamuponyesha muke wako?»

Aliingia, macho chini.

Sijui kama ile dawa ingali na nguvu. Naogopa.

Kesho binti yangu atahamia hapa. Bwana yake abakie na giza yake kule mu ville, katikati ya muji.