Kitambaa Kilichofunuliwa Mlangoni pa Gereza

Nyumbani kwa Straton,
Masisi,
16 Septemba 1956

Mpendwa kaka Mbonigaba,

Salamu nyingi kutoka milima yetu mpaka huko Kolwezi. U mzima? Kile kikohozi ulichotuandikia wakati wa Pasaka kimekuacha? Shemeji Généreuse na watoto wanaendeleaje? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Mvua imerudi, nyasi zimechipuka, maziwa yapo. Mama naye mwili wake upo, ila moyo wake haupo, na sababu utaisoma hapa chini.

Acha kwanza nikupe utamu, kaka. Nimeolewa! Straton uliyemwacha akiwa kijana mwembamba wa kwaya sasa ni mwalimu wa misheni, na ni mume wangu. Asubuhi anaamka kabla yangu, anawasha moto, halafu anarudi kusimama mlangoni akiniangalia kana kwamba mimi ndimi jua linalochelewa kutoka. Nikiunguza maharage anasema moshi unayapa ladha. Sikujua kama mtu anaweza kupendwa hivi huku ameshika mwiko!

Unaijua desturi yetu. Bibi arusi anakaa ndani, kichwa kimefunikwa kitambaa, mpaka watu wa kwao waje kumtwikurura: wamfunue, wamtoe nje, aanze kufagia na kulima kama mwenye nyumba. Baba hatunaye, wewe uko mbali. Aliyebaki wa kunifunua alikuwa ndugu yetu Sebahire. Nilimngoja nikisikiliza kila mguu uliopita njiani.

Ulishapata habari ya ugomvi wake na Hakorimana wa Kalembe, pale wanaponyweshea ng'ombe, ng'ombe wa nani watangulie. Fimbo ya Sebahire ilimpata mwenzake kichwani, na Sebahire mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni mpaka dispensari. Hakorimana alifariki. Ndugu yetu akawekwa kasho, akafungiwa huko gerezani.

Padri alituletea avoka, mtetezi wa mahakamani, kutoka Bukavu, Maître Ansiaux, Mzungu mnene anayehema hata akiwa amekaa. Nilidhani kazi ya avoka ni kusema tu kwamba mtu wake hakutenda. Sivyo. Kwanza aliomba Sebahire afunguliwe kwa muda, angojee hukumu akiwa nyumbani. Hakugusa hata kidogo neno la kosa. Alimwonyesha zuzi, yule anayekata kesi, kwamba huyu hawezi kutoroka: ana mama mzee, ana ng'ombe wanaoijua sauti yake, na Padri mwenyewe anamsimamia. Zuzi alikubali kwa masharti: asitoke katika teritwari ya Masisi, na asiwakaribie watu wa marehemu.

Ndiyo maana alikuwepo harusini, kaka! Alisimama akawasifu ng'ombe wa baba kwa majina yao mpaka wazee wakafuta macho. Lakini hakuonja chakula wala pombe. Nilidhani ni aibu ya kasho.

Basi siku ya kunifunua ikapita. Aliyefika ni Maître Ansiaux, kofia mkononi.

"Madame, kaka yako iko tena mu kasho."

Sebahire alikuwa ameswaga mtamba wake mzuri, yule mwenye doa jeupe kwenye paji, akavuka mpaka wa teritwari hadi Kalembe kwa Drocella, mjane wa Hakorimana. Wewe unaelewa, kaka. Mikono iliyomwaga damu, hata bila kutaka, haimfunui bibi arusi kabla ya kunywa na wafiwa katika kibuyu kimoja. Ingeniletea tumbo tupu, nisizae. Alikunywa nao, akalia nao, na aliporudi polisi walikuwa wanamngoja njiani.

"Mimi nilimufungulia mulango," Maître alisema, akijipangusa jasho, "yeye anaufunga na ng'ombe!"

Straton alicheka bila kutaka.

Maître alitueleza kwamba Substitut, yule anayeshitaki kwa jina la serikali, atasema Sebahire alitoroka, tena alikwenda kumziba mjane mdomo. Akataka mtu wa nyumba yetu aeleze mbele ya zuzi kile ng'ombe alichokwenda kufanya. Mama akifungua kinywa ni machozi tu. Nikasema nitakwenda mimi.

"Bibi arusi hajafunuliwa, jua litamuonaje?" akafoka mama mkwe wangu Emérita.

"Halitamuona, mama," Straton akamjibu. "Nitamufunika na koti yangu."

Ndivyo nilivyofika mbele ya zuzi, kitambaa kichwani na koti la mume wangu juu yake. Je, kuna mwanamke aliyepewa mume kama huyu?

Substitut aliomba miaka kumi na tano. Hapo Maître aliinuka, na sikumsikia akihema tena. Hakuomba Sebahire aachiliwe, aliomba adhabu ipunguzwe. Alisema huyu hajawahi kuhukumiwa, hakukusudia kuua, alimbeba mgonjwa wake, na mtamba hakuwa rushwa bali maombolezo. Drocella aliitwa. Akasema, "Alilia kwangu kunipita mimi. Ng'ombe nilipokea. Bwana yangu hatarudi, mumufunge ao mumuache."

Zuzi akaniuliza kwa nini kaka yangu hakuomba ruhusa kwanza. Nikamjibu kwa Kifaransa cha masista wetu kwamba kwetu hakuna anayeomba ruhusa ya kwenda kulia. Kisha akaandika.

Miaka sita.

Maître alinishika mkono akasema tumeshinda, tena Sebahire akikaa vizuri anaweza kuombewa kutoka mapema. Nilimshukuru kwa moyo wote. Lakini Mama alipoambiwa alihesabu vidole vya mkono mmoja, akaingia mkono wa pili, akasema taratibu, "Mimi sina miaka sita."

Mlangoni pa gereza Sebahire alimwomba polisi wasimame kidogo. "Mbio, mama," polisi akaniambia. "Chef akirudi, mimi njo nitalala mule."

Sebahire aliinua mikono yake miwili pamoja, kwa sababu ya pingu. Akaliondoa koti, akakifunua kitambaa polepole, kama ambavyo angefanya baba.

"Toka inje, dada. Nyumba ni yako." Akamgeukia Straton. "Na wewe, akiunguza maharage, ukule tu."

Straton alijibu, "Ninakula, shemeji." Mlango ukafungwa.

Kesho yake nilifagia kiwanja changu kwa mara ya kwanza. Nilimwota mume wangu nikiwa shuleni, kaka, na nimempata, na ni mzuri kuliko ndoto. Ila kila nikishika ufagio naiona ile mikono.

Ninakusihi, njoo. Ng'ombe hawasimami kwa mgeni, na Mama hukaa na kibuyu cha maziwa mapajani akimsubiri mtu wa kukamua. Hata kama ni kwa msimu mmoja, akusikie ukiwaita.

Nisalimie shemeji Généreuse, nibusie watoto, na mwambie Kanyamibwa, jirani yetu mliyeondoka naye, kwamba wazazi wake hawajambo. Straton anakupa mkono. Mungu aliyemlinda Yosefu gerezani amlinde Sebahire, naye akulete salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukungoja,

Béata, mke wa Straton