Kichwa Kinachovuja

Jumatatu, 22 Desemba 1997

Sikulala tena. Nilifumba macho tu, basi. Asubuhi nikaenda kazini kichwa kizito kama gunia lililolowa.

Maji yamekata barabara zote za Habaswein, kwa hiyo kila mwenye mdomo anaitaka redio ya Abdinur, ile ya kuongea na miji ya mbali, hapa dukani kwake. Wanajaza benchi tangu alfajiri, wananuka moshi na kondoo, na kila mmoja anadhani habari zake ni za maana. Si za maana! Salamu, mvua, mbuzi, tuma sukari. Garissa wanasema hivyo, Takaba wanasema hivyo. Mkimbizi wa Dadaab akipata zamu ni hayo hayo, ila anaongeza kilio.

Mimi ndiye ninayepokea. Mwenye ujumbe asipokuwepo, naushika kichwani mpaka nimfikishie kwake. Hatuandiki. Watu wetu hawataki mambo ya nyumba zao yakae kwenye karatasi, yaje kusomwa na polisi au ukoo mwingine. Wanataka mdomo wanaoujua, na mdomo huo ni wangu. Yule kijana wa redio ya Wajir anaandika kwenye kiganja. Namdharau kutoka moyoni.

Siham, binti wa Khadijo, amejifungua msichana. Mtaa mzima unashangilia. Nimepita mbali.

Jumanne, 23 Desemba

Abdinur kanilazimisha niende zahanati. Eti nilimpa mzee ujumbe wa mzee mwingine. Wazee wote ni sawa, nikamwambia. Hakucheka.

Daktari ni mtu wa bara, analalamikia joto kana kwamba sisi ndio tuliolikoleza. Akanitajia namba: saba, mbili, tisa, nne. Zirudishe kinyumenyume. Nikasema nne, tisa — halafu ukuta. Nikamwambia huo ni mchezo wa darasa la pili. Nikamtajia majina ya babu zangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka akainua mkono. Akasema hayo ya zamani yako salama. Kilichoharibika ni uwezo wa kushika la sasa hivi huku nikifanya jingine. Kukosa usingizi kunautoboa, na huzuni inautoboa zaidi.

Akauliza tangu lini. Tangu nimzike Idman. Idman ni nani? Mwanangu. Alikuwa anaanza kutambaa. Hapo akaweka kalamu chini. Angeiweka tangu mwanzo.

Anasema ni ugonjwa, si jini. Nipumzike, nimeze vidonge, niandike kila kitu. Ugonjwa wa huzuni! Hapa nani hana huzuni? Mama mkwe naye anasema ni jini. Wawili hao waoane.

Jumatano, 24 Desemba

Mume wa Osob kaongea kutoka Takaba. Nilipofika kwa Osob nilikuwa na salamu na jina la mwanawe, katikati pakavu. Nikajaza: mvua ni nzuri, mbuzi wamepona, anahitaji sukari. Osob akanibusu mkono. Hakuna aliyegundua wala atakayegundua. Ukisikia mmoja umewasikia wote.

Daktari kapanda ndege ya msaada kwenda kula Krismasi kwao. Ugonjwa wetu unaweza kusubiri.

Ijumaa, 26 Desemba

Yarrow, mume wa Khadijo, amekwama Garissa na mafuriko. Leo kapata redio. Akaongea, akaongea, hewa inakwaruza, mama wa chai ananidai vikombe, Abdinur anafokea betri. Khadijo hakuwepo, nikaubeba ujumbe.

Mlangoni kwake nikabaki na maneno matatu. Kondoo. Jumapili. Kusubiri. Jumapili ni siku ya saba ya mtoto, siku ya akika, na kondoo kafungwa pale uani. Hata mjinga angeunganisha. Nikasema: Yarrow anasema mchinje Jumapili, msimsubiri.

Khadijo akalia kwa furaha. Alidhani mzee atakataa. Akaniambia, Weris mwanangu, Mungu akupe mwingine. Nikaondoka. Namchukia kwa dua hiyo.

Jumamosi, 27 Desemba

Nimetia chumvi kwenye mchuzi mara mbili. Kwenye sala ya adhuhuri sikujua niko rakaa ya ngapi, nikaanza upya, nikapotea tena. Nimechoka na huyu mwanamke ninayeishi naye ndani ya ngozi yangu.

Jumapili, 28 Desemba

Asubuhi Yarrow tena. Ulifikisha? Ndiyo, nikasema. Akashukuru Mungu. Akasema Garissa wanazika watu. Mifugo inatupa mimba na kufa, na waliochinja na kushika damu wanapata homa, wengine wanatoka damu puani. Ndiyo maana Ijumaa alisema kondoo asiguswe Jumapili, wasubiri mpaka arudi. Kisha akaniambia mambo mawili ya kufanya kama kuna aliyekwisha kushika damu, kayasikia kwa watu wa mifugo. Akarudia mara mbili. Mara redio ikanyamaza.

Nilikimbia kwenye tope, kiatu kimoja kikabaki huko. Kondoo ameshakatwakatwa. Khadijo mikono myekundu mpaka viwiko, anacheka, ananiita nikae. Siham, mtoto mgongoni, anaosha utumbo.

Nikasema Yarrow alisema msichinje.

Khadijo akasema, lakini wewe ndiye uliyesema tuchinje. Hakufoka. Afadhali angenipiga. Nikasema, ndiyo, eddo, shangazi yangu, nilitunga. Nilisahau nikatunga. Wanawake wote waliokuja kusaidia wakaacha kazi.

Akauliza, sasa sisi tulioshika tufanye nini? La kwanza nikalitoa palepale: wanawe mikono kwa sabuni, nyama ifukiwe. Na la pili? Nilijua kwamba liko. Lilimhusu mtoto, au maziwa, au Siham asifanye jambo fulani. Nilikimbia nalo njia nzima nikilisema kwa mdomo, na sasa nilikuwa na mdomo mtupu.

Tumerudi dukani kwenye redio. Nimeita Garissa mpaka koo limekauka, ni mkwaruzo tu. Wajir nao kimya. Naandika hapa kila neno la Yarrow, labda kalamu italivuta lile la pili: damu, sabuni, fukieni, na mwambie Siham — mwambie Siham —

Mtoto anaanza kulia, Siham anafungua kifua. Khadijo amekaa nyuma yangu, mikono amenawa mpaka imekwajuka. Anauliza polepole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa: anyonyeshe, Weris, au asinyonyeshe?