Punda Ndani ya Jiko

Jumanne, 3 Desemba 2024

Nisamehe, daftari yangu. Tangu Liz azaliwe sijakugusa, na sasa anatambaa! Si kwamba nilikusahau. Ni mikono tu — haijawahi kuwa mitupu. Leo amelala mapema na nina la kusema.

Probox amepona. Ndiye punda wetu. Mume wangu Zablon alimpa jina la lile gari la mizigo kwa sababu habagui mzigo. Wiki iliyopita alikanyaga msumari pale wanapojenga, njia ya mtoni. Ukaingia kwenye ukwato wa mbele, wa kulia. Nilishika mguu, mama mkwe akauchomoa msumari. Damu kidogo tu. Akapachika mavi ya ng'ombe na jivu, akakandika mpaka tundu likazibika kama ukuta, kisha akafunga na kipande cha mfuko. Ndivyo babake alivyokuwa akifunga kwato za maksai. "Hapo hata hewa haiingii," akasema. Leo hachechemei tena. Nimembebesha maji. Asante Mungu — Zablon yuko Sindo, kule ziwani, anapakia samaki wa omena, bila Probox hapa tungekunywa nini?

Ijumaa, 6 Desemba

Anatembea vibaya. Si kuchechemea. Amekakamaa, kama meza inayotembea. Nimeangalia ukwato: hauna joto, hauna harufu. Mama mkwe akaniambia, "Amechoka. Hata wewe Bhoke umechoka, mbona hatukukagui miguu?" Tukacheka. Lakini mkia ameuinua kidogo na haushushi, hata nzi wakimjaa.

Msimu wa tohara umeanza. Makundi yanapita barabarani na filimbi na pembe, yakisindikiza vijana kutoka kwa ngariba, vumbi tupu. Liz anapiga makofi. Probox anashtuka kila filimbi ikilia. Zamani hata hakugeuza shingo.

Jumapili, 8 Desemba

Naogopa.

Nimeangusha sufuria — sufuria tu! — na mwili mzima wa Probox ukawa mgumu. Miguu imepanuka, masikio yamesimama yakitetemeka. Utando mweupe ukatoka kwenye kona ya jicho, ukafunika nusu, ukarudi. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Anataka maji, anaingiza mdomo kwenye ndoo, lakini taya hazifunguki. Maji yanamwagika tu.

Jirani yetu Wangwe amekuja kuangalia. Ati amerogwa, achomwe chuma cha moto shingoni. Nikamwambia hakuna chuma kitakachomgusa huyu. Ndiye aliyevuta mkokoteni mpaka lami siku nilipokuwa na uchungu wa Liz. Akasema, "Haya, Mama Liz, mwitie daktari kutoka Ulaya."

Nikamwita! Si wa Ulaya, wa hapa Kehancha. Anaitwa Edinah, daktari wa mifugo. Kwa simu akaniambia nigonge polepole chini ya kidevu cha punda huku nikiangalia jicho. Nikagonga. Utando ukatoka.

Nikamwambia umetoka. Akasema: "Hiyo ni pepopunda, mama. Ana kidonda wapi?"

Nikamwambia kilikuwa cha msumari, kwenye ukwato, na kimepona. Akauliza tulikifunga na nini.

Jumatatu, 9 Desemba

Edinah amekuja. Pikipiki aliiacha mbali, akatembea. Amefungua ukwato. Usaha mweusi, na harufu! Kumbe hakikupona, kilifunikwa tu. Anasema vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo na mavi, na vinapenda mahali hewa haifiki. Basi tulivijengea nyumba. Amekata sehemu iliyooza, ameosha na dawa inayotoa povu, kidonda amekiacha kipumue. Kisha penisilini. Nikamuuliza juu ya Liz, maana anatambaa kila mahali. Haiambukizwi na punda, akasema, na kama chanjo za kliniki zimekamilika usilie. Zimekamilika. Nililia kidogo hata hivyo.

Sasa masharti. Giza. Kimya. Majani mengi chini. Akianguka ashindwe kuinuka, tumempoteza. Na hapa kwetu mahali pa giza ni jikoni tu.

"Punda ndani ya jiko!" Mama alishika kichwa. "Bhoke, watu watasema tumekuwa nini?"

"Mama, tutapika nje." Kwa heshima, lakini sikurudi nyuma.

Hakuniuliza daktari alisema nini juu ya yale mavi, nami sikumwambia. Lakini wakati ule alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisikia. Akaingia jikoni akatoa mafiga mwenyewe, moja moja, bila kuyagonganisha.

Jumanne, 10 Desemba

Bado amesimama. Anafyonza uji wa pumba nikimwinulia beseni mpaka usawa wa kifua, maana shingo haiinami. Liz anaota meno. Akikunja uso tu nakimbia naye hadi kwenye mihogo, namnyonyesha huko. Nimekuwa mtu wa kunong'ona. Hata kuku nawafukuza kwa kunong'ona.

Leo mjukuu wa Wangwe anatoka kwa ngariba. Njia yao inapita hapa, ubavuni mwa jiko! Asubuhi nilienda kumwomba wapitie upande wa shule. Akanicheka: "Mjukuu wangu anakuwa mwanaume, apite kimya kama mwizi kwa sababu ya punda?" Angekuwa mtoto wangu ningesema hivyo hivyo.

Nilimweleza mama. Amejifunga leso kiunoni, amebeba kiti chake, ameenda kukaa katikati ya njia. Nikamfuata: "Mama, watakukanyaga!" Akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi niliziba lile tundu. Acha nizibe na hii njia."

Sasa niko mlangoni mwa jiko, Liz mgongoni. Filimbi nazisikia ng'ambo ya mto. Nimechana nepi zake nikaziba masikio ya Probox, lakini zinatoka. Anatetemeka. Edinah amepiga: kuna dawa ya kupinga sumu ya vile vijidudu, lakini Migori haipo, iko Homa Bay. Ngoja nimwandikie Zablon hapa kwanza, kisha nimtumie, nisisahau kitu.

Zablon, usinipigie, simu ikilia anaruka. Tuma na gari la samaki la leo, usingoje kesho. Antitoksini ya pepopunda, ya wanyama, chupa zote walizo nazo pale duka la dawa za mifugo Homa Bay. Edinah ameshaongea nao. Uiweke kwenye boksi la barafu, lakini uifunge na gazeti kwanza isigande. Penisilini pia, na sindano zake. Dawa ya kumlegeza misuli, Edinah atakutumia jina. Turubai jeusi la kuziba dirisha la jiko. Kamba pana ya kumshikilia asianguke, ile laini ya nyavu, si ya nailoni ngumu, itamkata.

Wamevuka daraja. Nasikia pembe sasa. Mama simwoni kwa vumbi.

Na pamba, Zablon. Si zile pakiti za mtoto. Roli kubwa, mbili. Masikio yake unayajua.