Sikumwambia Paskalina

Getanuwas, Hanang

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Na baba ameacha kuendesha pikipiki kwenye matope? Mimi mwili ni mzima, ila moyo umenilemea, na huku sina wa kumwambia.

Kazi iliyonileta unaijua: kuwauliza wajawazito habari za bangi, nani anatumia, kwa nini, na watoto wanazaliwaje. Paskalina, mke wa mkulima mmoja wa hapa, nilimhoji mimba ikiwa ya miezi miwili. Alicheka kwa aibu, akasema, "Natapika mno, dada. Nikichemsha majani kidogo nikanywa, chakula kinakaa."

Nikaandika. Tukimaliza maswali tunatakiwa kumweleza mama hatari iliyopo na kumwelekeza kliniki apate dawa ya kutapika. Mvua ilikuwa inakuja, dereva wetu anapiga honi. Nikamwambia nitarudi.

Sikurudi, mama.

Alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo mno. Aliishi siku nne. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta kwenye kigoda, maziwa yamelowesha gauni.

"Siku ile unaandika," akaniuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua kuna hatari."

"Na hukuniambia."

Nilimweleza alivyosema daktari wa kliniki, kwamba kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kujua kama ni bangi au ni jambo lingine. Ni kweli, na sikutaka ajibebeshe kifo kile. Lakini nikasema pia, "Kutokukuambia ni kosa langu." Alilia, nami nikalia. Mume wake akatoka kwenda zizini.

Nilipoaga nilikuwa nimeshaamua kufunga mizigo nije nyumbani. Paskalina akanishika mkono, akanionyesha nyumba ya pili. "Wifi yangu ana mimba, naye anakunywa majani yale. Nenda sasa."

Nikaenda. Nilikaa na yule wifi mpaka ng'ombe wakarudi kutoka malishoni, nikamweleza yote. Kesho yake nilimpeleka kliniki mwenyewe, kisha nikamwambia msimamizi wangu kosa nililofanya. Bado nipo kazini, ila usingizi ni wa shida.

Nisalimie bibi mzaa baba, mjomba fundi cherehani, na wadogo zangu wote. Mkisali jioni mtajeni Paskalina. Mtoto wake alikuwa hajapewa jina.

Ni mimi binti yako,
Atupele